Eti kosa ni la mwanafunzi wa fildi!

Huku chuoni wiki hii hakuna kingine ila barua za fildi. Ukipita kwenye vimbweta kila mtu anauliza, "Wewe umepangiwa wapi?" Sisi wa kompyuta wengi tunaelekea kwenye vitengo vya TEHAMA vya mabenki, halmashauri, hospitali na makampuni ya simu. Kabla hatujatawanyika kuna jambo nataka niliseme, maana linatuhusu sisi tunaokwenda kuwa wadogo kuliko wote ofisini.

Jambo lenyewe ni hili. Mfumo mkubwa ukidukuliwa, vyombo vya habari huwa vinatafuta mtu mmoja wa kubebeshwa mzigo. Akishapatikana, habari imekwisha. Na mara nyingi anayepatikana ni mnyonge, yule asiye na msemaji wala mwanasheria. Mimi naona huo ni uandishi mbovu, na tena ni wa hatari, kwa sababu tundu alilopitia mwizi linabaki pale pale.

Ngoja nieleze taratibu, na wasiosoma kompyuta nao waelewe.

Chukua sahani ya wali maharage kwa mama ntilie pale nje ya geti. Wewe unamwamini mama. Mama anamwamini mwenye duka. Mwenye duka anamwamini aliyemletea gunia, na huyo anamwamini mkulima pamoja na aliyepulizia dawa ghalani. Katika watu wote hao wewe unamjua mmoja tu, na maharage yanaingia tumboni mwako hivyo hivyo. Kama dawa ilizidi kule ghalani, mama hawezi kuiona hata awe msafi wa namna gani.

Programu za kompyuta nazo ziko hivyo. Hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Jamaa yangu mmoja wa mwaka wa tatu anatengeneza mfumo wa kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati. Mafaili aliyoyaandika kwa mkono wake ni machache tu. Ukifungua folda ya vifurushi alivyopakua unakuta mamia! Vingine hata majina yake hajawahi kuyasikia, vimekuja tu kwa sababu kifurushi alichokitaka kinategemea kingine, na hicho kingine kinategemea kingine tena. Wale wa zahanati watamwamini yeye. Yeye anawaamini watu wengi asiowajua.

Huo ndio unaitwa mnyororo wa ugavi wa programu. Mwizi mwenye akili hahangaiki kuvunja mlango wako. Anakwenda ghalani, anatia sumu kwenye gunia, halafu anakaa kusubiri uipakue wewe mwenyewe ukidhani ni sasisho la kawaida. Kinachouma zaidi ni kwamba anayedhurika ni yule mtiifu, aliyeambiwa "apdeti kompyuta yako" naye akaapdeti.

Sasa twende kwenye yule mwanafunzi wa fildi.

Desemba 2020 ilijulikana kwamba SolarWinds, kampuni ya Austin, Texas, imekuwa ikiwagawia wateja wake sumu bila yenyewe kujua. Wana programu inaitwa Orion, ambayo kazi yake ni kuwasaidia mafundi wa mitandao kuziona seva na kompyuta zao zote mahali pamoja. Yaani ukishaiweka Orion, umeipa macho ya kuona nyumba nzima. Kati ya Machi na Juni 2020 yalitoka masasisho ya Orion yenye mlango wa nyuma ndani yake. Yalitoka kwenye tovuti halali ya kampuni, yakiwa na sahihi halali ya kidijitali ya kampuni. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, wateja wasiozidi 18,000 waliyapakua. Baadaye serikali ya Marekani ilisema walioingiliwa kwa undani ni taasisi 9 za serikali kuu na makampuni kama 100. Aprili 2021 Marekani ikaitaja idara ya ujasusi wa nje ya Urusi kuwa ndiyo iliyofanya.

Tarehe 26 Februari 2021 wakuu wa kampuni wakahojiwa na kamati za Baraza la Wawakilishi la Marekani. Likaibuka suala la nywila moja: solarwinds123. Nywila hiyo mtafiti mmoja alikuwa ameikuta wazi kwenye intaneti mwaka 2019. Aliyekuwa mkurugenzi mkuu akajibu kwamba hilo lilikuwa kosa la intern. Intern, yaani kijana wa mafunzo kazini. Yaani sisi!

Basi dunia nzima ikalibeba hilo. Vichwa vya habari vikawa "intern, intern". Hata mtu asiyejua Orion ni kitu gani alijua kwamba kuna kijana aliweka nywila ya kijinga na Marekani ikadukuliwa.

Juzi nilimweleza mwenzangu mmoja kisa hiki akanikata, "Sasa si kweli nywila ilikuwa mbovu?" Ndiyo, ilikuwa mbovu, wala siitetei. Lakini mwezi mmoja kabla ya kile kikao, Januari 2021, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilikuwa imeshaeleza hadharani jinsi sumu ilivyotiwa. Wadukuzi walikuwa wamepandikiza programu yao kwenye mashine ambayo msimbo wa Orion hugeuzwa kuwa programu kamili. Ile programu ilikaa inavizia. Kazi ya kuunda Orion ikianza, inachomoa faili moja la msimbo na kuweka la kwake, kisha kazi ikiisha inarudisha lile la asili. Watengenezaji wakifungua msimbo wao wanaukuta msafi kabisa. Hapo solarwinds123 inaingia wapi? Hakuna ushahidi uliowekwa hadharani kwamba walipitia kwenye nywila ile.

Tena hebu tujiulize. Kama kijana wa mafunzo anaweza kuweka nywila ikakaa wazi mtandaoni zaidi ya mwaka mzima, msimamizi wake alikuwa wapi? Nani alimpa seva hiyo bila kumkagua? Maswali haya hayakuenea kama lilivyoenea neno intern.

Wapo waandishi waliofanya kazi ya kweli, na nataka muwajue. Kim Zetter ni mwandishi wa Marekani wa mambo ya usalama wa kompyuta. Yeye hakuliachia suala hili pale habari ilipopoa. Mwaka 2023, zaidi ya miaka miwili baadaye, aliandika katika jarida la Wired kwamba Wizara ya Sheria ya Marekani iliona dalili za udukuzi huu tangu Mei 2020. Seva iliyokuwa na Orion ya majaribio ilikuwa inawasiliana na mahali pasipoeleweka. Wakaita wataalamu, SolarWinds nao wakaulizwa, chanzo hakikuonekana, mambo yakaendelea. Kengele ililia miezi 6 mapema!

Akaeleza pia jinsi kampuni ya usalama ya FireEye ilivyoanza kushtuka. Ilionekana mfanyakazi mmoja ameandikisha simu ya pili ya kuthibitisha anapoingia kwenye mfumo. Wakampigia kumuuliza, "Hii simu ni yako?" Akasema hapana. Basi. Siri kubwa kiasi kile ilianza kufichuka kwa sababu mtu aliona kitu kidogo kisicho cha kawaida akauliza.

Sasa linganisha habari mbili hizo. Ile ya intern inakufundisha nini? Kwamba vijana ni wazembe. Ya Zetter inakufundisha kwamba kuna mashine ya kuunda programu inayohitaji kulindwa, kwamba dalili ilionekana mapema ikapita, na kwamba kuuliza swali dogo kunasaidia. Ukiwa fundi wa mtandao pale Dodoma au Kisumu, ipi itakusaidia Jumatatu asubuhi?

Cha pili ni kisa cha xz. Hiki ndicho kinachonigusa zaidi.

xz ni kiprogramu cha kubana mafaili yawe madogo. Humwoni mtu akikizungumzia, lakini kimo ndani ya karibu kila Linux, na Linux ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Kwa miaka mingi kilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, bila mshahara. Jina lake silitaji hapa, ameshasumbuliwa vya kutosha.

Mwaka 2022 watu wenye majina mageni walianza kumwandikia hadharani wakilalamika. Mbona unachelewa? Mbona humpi mwingine kazi kama imekushinda? Yeye akajibu kwa upole kwamba hamu hajaipoteza, ila uwezo wake umepungua kwa matatizo ya kiafya na mambo mengine, na akawakumbusha kwamba kazi hii anaifanya bila malipo. Wale hawakuona haya, wakazidi kumsukuma.

Na pembeni alikuwepo msaidizi mwema, anayejiita Jia Tan, ambaye tangu 2021 alikuwa akileta marekebisho mazuri tu bila kelele. Mwisho akapewa funguo. Angefanyaje mtu aliyechoka? Februari na Machi 2024 zikatoka xz namba 5.6.0 na 5.6.1 zikiwa na mlango wa nyuma. Sumu ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na maelekezo ya kuiamsha yakawekwa kwenye furushi linalogawiwa tu, hayakuwepo kwenye hifadhi ya msimbo inayoonwa na kila mtu. Kwa baadhi ya aina za Linux, mwenye ufunguo maalumu wa siri angeweza kuingia kwenye seva kutoka mbali na kufanya atakacho. Kwenye kipimo cha hatari kilipewa 10 kati ya 10.

Aliyekifuma ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL. Alikuwa anafanya vipimo vyake vingine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angesema "mtandao leo umelala" akaendelea na chai yake. Yeye akafuatilia mpaka akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akatangaza kwa wenzake wa programu huria. Sumu ilikuwa bado haijafika kwenye matoleo makuu yanayotumika na wengi.

Magazeti makubwa yakamwandika Freund kama shujaa, na anastahili. Yakauliza pia Jia Tan ni nani, ni wa nchi gani, analipwa na nani. Hadi leo ninapoandika hakuna mtu aliyethibitishwa hadharani kuwa ndiye. Shujaa na jambazi, kama filamu tunazoangalia hosteli usiku. Lakini katikati kuna mtu aliyekuwa amechoka, anayefanya kazi ya dunia nzima peke yake, mpaka mtu mbaya akajifanya ndiye pekee anayemhurumia. Kwangu mimi habari yenyewe ni hiyo. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yanatumia kazi yake bure, na waliomwandikia kumsukuma walikuwa wengi kuliko waliomuuliza "ndugu, tukusaidie nini?" Jia Tan hata akamatwe kesho, wachovu wengine kama yule wako tele, wanatunza vitu tusivyojua hata kama vipo.

Najua mtanipinga. Mtasema mwandishi ana saa chache tu kabla gazeti halijakwenda mtamboni, hawezi kusoma msimbo. Nakubali. Mtasema wahalifu lazima watajwe, hasa wakiwa ni serikali. Nakubali pia, wala sisemi waachwe. Mtasema msomaji wa kawaida anataka kisa chenye watu, mashine ya kuunda programu inamchosha.

Hilo la tatu ndilo silikubali. Na hoja yangu inatoka Afrika, hapo Ghana.

Tarehe 27 Juni 2017 kulitokea shambulio la NotPetya. Wadukuzi waliteka seva za masasisho za M.E.Doc, programu ya mahesabu na kodi inayotengenezwa na kampuni ndogo ya Kyiv na kutumiwa sana Ukraine. Kutoka hapo sumu ikaruka mipaka, ikaikumba hata Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake tunayaona kila siku yakishushwa Dar es Salaam na Mombasa. Ilibidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Hasara yao ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300.

Sasa mwaka 2018 mwandishi Andy Greenberg akaeleza katika Wired jinsi Maersk ilivyopona. Seva zao za kuwatambua watumiaji zilikuwa zimefutika zote duniani, na hakukuwa na nakala. Ikapatikana moja tu nzima, ofisi ya Ghana. Kwa nini? Kwa sababu umeme ulikuwa umekatika! Sumu ilipopita, ile mashine ilikuwa nje ya mtandao. Kuituma data kwa intaneti kungechukua siku nyingi, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akakutana na mwenzake uwanja wa ndege, akamkabidhi diski, na yule akaipeleka London.

Niambie, hicho kisa kinachosha? Kina watu, kina viza, kina umeme kukatika, vitu vyote tunavyovijua. Na papo hapo umejifunza kwamba kampuni kubwa kiasi kile haikuwa na nakala ya kitu cha muhimu kuliko vyote. Hakuna intern aliyebebeshwa. Greenberg aliufuata mnyororo wote, kutoka kampuni ndogo ya Kyiv mpaka diski iliyobebwa kwa mkono. Kwa hiyo inawezekana, ila inataka muda na mtu anayejua aulize nini.

Sasa tazama za kwetu. Nyingi ni tafsiri ya habari ya shirika la nje, na picha ya kijana aliyejifunika kofia ya sweta mbele ya kompyuta yenye maandishi ya kijani. "Wadukuzi wavamia." Walivamia wapi? Kupitia nini? Programu hiyo na sisi tunayo? Kimya. Ndiyo maana hapa hosteli tunaogopa "wadukuzi" halafu tunapeana programu zilizovunjwa leseni kwa flashi, chumba kwa chumba, hakuna anayeuliza ilitoka kwa nani. Huo nao ni mnyororo wa ugavi jamani!

Mimi nina maombi matatu.

Kwanza, tukisoma habari ya udukuzi tusitosheke na jina la mtu. Tuulize waliingilia wapi, nani aliambiwa mapema akanyamaza, na kwa nini kila kitu kiliachwa juu ya mtu mmoja. Habari isiyojibu hata moja, tuihesabu kuwa bado haijaandikwa.

Pili, mkifika huko mnakokwenda, mtu akikupa nywila kuu ya seva siku ya kwanza usifurahi. Uliza kwa heshima, "Mzee, nani mwingine ana hii? Na mimi nikiondoka itabadilishwa?" Andika kwenye daftari lako la fildi ulipewa nini, lini na nani. Ukiona kitu kinachelewa nusu sekunde, sema. Watakucheka, waache wacheke. Na wewe unayetengeneza mfumo, weka orodha ya vifurushi ulivyopakua, ili siku kikitangazwa kimoja kuwa kibovu ujue kama unacho.

Tatu ni kwa wenzetu wa Uandishi wa Habari. Sisi na nyie tunakutana kwenye foleni ya kantini tu. Nyie mnajua kumbana mkubwa mpaka ajibu. Sisi tunaweza kuwaambia jibu alilotoa lina maana au ni maneno matupu. Angekuwepo mmoja wetu karibu na kila mwandishi siku ile ya solarwinds123, pengine mmoja wao angeuliza, "Samahani mkurugenzi, hiyo nywila na mashine yenu ya kuunda Orion vinahusiana vipi?" Swali moja tu lingemwondolea yule kijana mzigo usiokuwa wake.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa Uandishi anasoma hapa na yuko tayari tukae pamoja mara moja kwa wiki kuzichambua hizi habari, aniandikie. Wengine karibuni mnipinge, ila njooni na hoja.

Haya, ngoja niwahi kipindi cha saa nane. Tuko pamoja.